Leo Hakitoki Kitu Humu

Donncha aliyakanyaga maua ya manjano kizingitini, tena makusudi, kwa buti zima. Hata salamu hakutoa.

"Bado tu mnazuia majini kwa maua, Shangazi?"

Ilikuwa asubuhi ya Bealtaine, sikukuu ya jadi ya kukaribisha kiangazi, tarehe mosi Mei. Alikuwa ametoka jiji la Cork na pikipiki lake jipya, saa mbili za milima na kondoo, kufuata kitu kimoja tu: saini. Shangazi yake, Gobnait, akishasaini, nyumba na malisho vinakwenda kwa wajenga hoteli, na yeye mwenyewe kikongwe anapelekwa kwenye makao ya wazee. Mnunuzi alikuwa anangoja mjini, na alishasema ikifika saa nane mchana bila karatasi, atanunua bonde jingine.

Kando ya moto alikaa jirani, mzee Muiris, na kikombe cha chai. Donncha akatoa sigara, akaomba kijinga cha moto akavutie nje.

"Leo moto hautoki humu," Muiris akasema. "Wala maziwa, wala maji. Ukitoa umetoa na baraka ya mwaka mzima."

"Mzee, wenzenu wameshafika mwezini, nyie mnalinda maziwa!"

Akacheka mpaka akapaliwa. Washamba wakubwa! Ndiyo maana alilikimbia bonde hili akiwa na miaka kumi na sita. Akatandaza karatasi mezani na kumshikisha shangazi yake kalamu. Gobnait, aliyekuwa amesumbuliwa kwa simu wiki tatu mfululizo, akasaini, na Donncha akaanza kuvaa glavu zake.

"Ila ungeiacha mpaka kesho, mwanangu," Gobnait akasema. "Karatasi yenye jina la mwenye nyumba, ukiitoa siku ya Bealtaine, hufiki nayo uendako. Wa mwisho kubisha tulimzika Ijumaa."

Muiris akainamia chai yake.

"Upuuzi mtupu!" Donncha akaisokomeza karatasi ndani ya koti la ngozi, huyoo, akaondoka kwa ngurumo.

Kona ya kwanza, mwanakondoo akaruka barabarani, Donncha akamkwepa chupuchupu. Upuuzi. Kona ya pili, changarawe ikamyumbisha, nusura aingie mtaroni. Upuuzi vilevile, lakini sasa bingwa wa Cork alikuwa anakwenda polepole kuliko mtu wa baiskeli. Darajani akamkuta sungura katikati ya njia. Akapiga honi. Sungura akamkodolea macho, wala hakusogea.

Donncha akashika kifua pale karatasi ilipo. Mjinga wee, akajitukana, na huku anageuza pikipiki.

"Tarehe imekosewa," akamwambia Gobnait, jasho likimtiririka. "Tutaandika nyingine siku nyingine."

"Pole, mwanangu." Gobnait akaipokea, akaitia motoni.

Donncha akaitazama mpaka ilipokwisha kuungua. Hoteli ndiyo imeshakwenda zake, lakini roho anayo. Akaaga kwa adabu ambayo nyumba ile haikuwahi kuiona kwake, akatoka.

Alikuwa chini ya dirisha, anahangaika na kamba ya helmeti, alipomsikia Muiris ndani.

"Gobnait, miaka themanini nimeishi bonde hili. Hiyo ya karatasi sijapata kuisikia."

"Utaisikia wapi? Nimeitunga leo leo, wakati hilo zuzu linavaa glavu."