Mtoto Mgongoni mwa Baba

Mwanamume aliyefungua mlango alikuwa na mtoto mgongoni na mwiko mkononi. Bibi shamba alisimama kizingitini, mdomo wazi. Mwezi ule alikuwa ameshakagua kaya kumi na moja, na katika zote kumi na moja waume walimpokea wakiwa wamekaa, wakamfokea mke alete kiti.

"Karibu, mama, pita ndani. Utanisamehe, nina uji jikoni, utashika chini."

Ndani, mke alikuwa amejikalia kitini, miguu ameinyoosha. Bibi shamba nusura apige vigelegele.

Mradi wake ulikuwa mwepesi kuueleza. Mfereji mpya ulikuwa umepita kando ya mashamba, na shamba la kila kaya lingeandikwa jina la mke peke yake, ilimradi mume awe anamshika mkono mkewe kwa vitendo. Jina likishaingia kwenye daftari la ardhi na picha ikabandikwa, halifutiki. Shahidi alikuwa bibi shamba mwenyewe. Alihamishiwa huku wiki tatu zilizopita na hakumjua mtu, lakini fomu ilitaka sahihi yake tu.

Akatoa kalamu.

"Nani anaamua mpande nini?"

"Mimi," akajibu mke.

"Na mavuno yakiuzwa?"

"Mimi. Yeye namwarifu tu."

Mume akacheka, akamtikisatikisa mtoto mgongoni. "Nimeshazoea, mama. Huyo ndiye bosi."

"Na huyu bosi mdogo ana miezi mingapi?"

Mke akamtazama mume.

"Saba," akasema mume. "Jumanne iliyopita nilimpeleka chanjo."

Bibi shamba aliweka alama ya vema kwenye kisanduku cha malezi kwa nguvu hata karatasi ikatoboka. Mume wake yeye hajui mpaka leo mtoto wao wa kwanza yuko darasa la ngapi. Aliona wivu, na hakuuonea haya. Akaiangalia mikono ya yule mke, laini, kucha ndefu zilizopakwa rangi. Mke wa mkulima, na jembe halijamla! Dunia ingekuwa na wanaume kumi wa namna hii, alijisemea, yeye angestaafu kesho.

Mtoto alikuwa analia. Mume akamshusha, akajaribu kumlisha uji kwa kijiko, mtoto akautema wote kifuani pake. Akamfuta, akajaribu tena, akatemewa tena. Mke hakunyanyuka.

"Baba yake ndiye anayemweza," akasema, akikagua kucha zake. "Mimi hata hanitaki."

"Vizuri sana!" akasema bibi shamba. "Wenzako wangeshamnyang'anya mume mtoto, halafu waje kwangu kulalamika hawasaidiwi."

Kitambulisho cha mke kilikuwa kimepotea, mume akaeleza kwa aibu kidogo. Si neno, picha ingetosha. Mke akarekebisha kitambaa cha kichwa, akapigwa picha, akabonyeza dole gumba kwenye wino. Bibi shamba akatia sahihi, akagonga muhuri, akalifunga daftari na kulitia kwapani.

Kilichobaki ni kuliona shamba lenyewe. Wakatoka wote watatu, mtoto tena mgongoni mwa baba, wakaufuata mfereji, na mwendo ukambembeleza mtoto akalala.

Shamba lilikuwa la kutia moyo. Matuta yamenyooka, samadi imefukiwa vizuri, gugu hakuna hata la dawa. Katikati yake kulikuwa na mwanamke aliyeinama juu ya jembe. Alipowaona alinyooka, akaliacha jembe lianguke, akapiga hatua mbili kuwaendea.

Mume akakaza fundo la mbeleko kifuani pake. Mwanamke akasimama pale pale, kisha akarudi kuokota jembe.

"Nani yule?" akauliza bibi shamba.

"Kibarua tu, mama. Tunamhurumia. Hana mume, hana mtoto, hana kwao."

Bibi shamba alikuwa na moyo mwema, na kazi yake aliipenda kweli. Akakanyaga katikati ya matuta mpaka alipo yule mwanamke.

"Pole na kazi, dada. Unamwona mwenzako pale? Kuanzia leo shamba hili ni lake, limeandikwa kwa jina lake na picha yake. Usikate tamaa. Na wewe jitahidi, utampata mwanamume wa kukuinua."

Mwanamke alilitazama daftari lililokuwa kwapani. Akamtazama mume kule kwenye mfereji, akaitazama mbeleko.

"Ndiyo, mama," akasema hatimaye.

"Usijichoshe naye, mama!" mke akapaza sauti. "Huyo ukimsemesha sana anajisahau."

"Na leo ndiyo siku yake ya mwisho," akaongeza mume kwa upole. "Akimaliza tuta hilo, tumemwambia, aende zake."

Makelele yale yakamwamsha mtoto. Akaangua kilio, kile cha njaa, kikali, cha kukata pumzi, na mume akaanza kumpigapiga mgongoni, akimwimbia.

Kibarua hakugeuka. Aliendelea kulima, jembe juu, jembe chini, na kifuani gauni lake likaanza kulowa maziwa, upande mmoja, kisha wa pili.