Hasi Tatu Bila Mabano

Waliokuwepo katika chumba cha walimu ni wanne: Bi Mashavu, mkuu wa idara ya hisabati, Mwalimu Kheri na Mwalimu Tabu, wasaidizi wake wa miaka mingi, na Mwalimu Nasra, aliyeajiriwa mwezi uliopita.

Nasra alikuwa ameandika ubaoni swali la tano la mtihani: −3² + 4.

"Samahani, Bi Mkuu," alisema kwa adabu. "Mwongozo wa kusahihishia unasema kumi na tatu, lakini hapa hakuna mabano. Kipeo kinaishika tatu peke yake, tunapata tisa. Alama ya hasi inafuata baadaye. Jibu ni hasi tano."

"Lo! Binti ana kichwa huyu," Tabu alicheka. "Sisi tumezeekea kwenye kumi na tatu!"

Kheri akasogeza kiti chake karibu na Nasra. Kwa miaka kumi na miwili kiti hicho kilisogezwa kwa Bi Mashavu tu. Wivu ukamwingia Bi Mashavu. Mwongozo aliuandika yeye. Neno lake moja lingetosha kuulinda, na nani angembishia?

Akavuta karatasi ya juu kwenye rundo la mitihani iliyokwisha kusahihishwa. Mwanafunzi alikuwa amefika hasi tano, hatua kwa hatua, na Bi Mashavu mwenyewe alikuwa amemkosesha kwa wino mwekundu.

"Nikusaidie kuzirudia, Bi Mkuu?" Nasra aliuliza.

"Keti, mwanangu."

Akazikusanya karatasi zote kifuani, akasimama.

"Jamani, jibu ni hasi tano. Nitazisahihisha upya mimi mwenyewe, zote, na sitaki mtu mwingine aziguse."