Vyuo Vitatu, Novena Moja

Simu ilikuwa chini ya Biblia, na juu ya Biblia kiliwekwa kiwiko cha Mama Remi. Ndani ya simu hiyo kulikuwa na namba ya siri ya kuthibitisha chuo. Mwisho wa kuthibitisha ulikuwa leo Ijumaa, saa kumi jioni. Sasa ilikuwa saa nane na robo.

"Mama," Remigius alisema, "nichague chochote tu. Saa zinakwenda."

"Novena ya Mtakatifu Rita ni siku tisa, na leo ndiyo ya tisa. Kahawa haichumwi mbichi eti kwa sababu gari limefika."

Vyuo vitatu vya udaktari vilikuwa vimemkubali kwa mkupuo mmoja: Dar es Salaam, Mwanza na Dodoma. Oldeani nzima ilishajua. Lakini siku habari zilipofika, mama yake alimnyang'anya simu. Baba hayupo, alisema, kwa hiyo mtoto hatatoka nyumba hii kwa kubonyeza kidude. Atatoka kwa sala na kwa kikao cha ukoo. Na Remigius alijua kwamba mwaka huu ukimpita, hakuna chuo kitakachomtazama mara ya pili.

Kikao chenyewe kilikuwa na wajumbe wawili. Wa kwanza alikuwa mjomba Julius. Wa pili, Bi Kuluthumu, mwenye duka la vitenge Karatu mjini, hakuwa wa ukoo wala wa parokia, ila alikuwa rafiki wa Mama Remi na alikuja na sambusa.

"Dar," alisema mjomba Julius, mkono ukiwa tayari kwenye sahani. "Mtoto wa kiume hupelekwa mbali."

"Dar kuna joto. Huyu akipata joto hutokwa damu puani."

"Hiyo ilikuwa zamani, mama," Remigius alisema.

"Pua ni ile ile."

"Basi Mwanza," alisema Bi Kuluthumu. "Kuna ziwa, kuna samaki, akili itafunguka."

"Mtu aliyekuzwa kwa maziwa ya ng'ombe, na samaki wapi na wapi? Tena nasikia wasichana wa kule wanapika vizuri sana."

"Si ndiyo heri, dada?"

"Ndiyo hatari yenyewe."

"Mama, mimi naenda kusoma."

"Kila aliyepotea alikwenda kusoma."

Mjomba Julius akameza. "Na Dodoma je?"

Hapo Remigius akaanza kukoroga chai yake. Chai haikuwa na sukari. Mama Remi akakitazama kijiko.

"Dodoma kuna vumbi," alisema.

"Na hapa Karatu tunakula nini?" Bi Kuluthumu aliuliza.

"Na kulala je? Wanalala wapi?"

"Bwenini, mama. Vitanda vya juu na chini. Nimeomba cha chini."

"Mtoto gani huyo anaomba kitanda cha chini?" mjomba alisema. "Sisi tulipigania cha juu."

Mama Remi hakucheka. "Umeomba kitanda, na chuo bado hujachagua?"

Kijiko kikasimama. "Niliuliza tu, mama."

"Uliuliza chuo gani?"

"Dodoma."

"Kwa simu ya nani?"

Bi Kuluthumu akainamia sambusa kana kwamba imeandikwa kitu.

"Ulipokwenda kazini kule Arash," Mama Remi alisema, "uliniahidi utakuja Krismasi. Ukaja Pasaka."

"Mvua ilikata barabara, mama."

"Hukupiga simu."

"Hakukuwa na simu, mama."

"Arash walikuwa wanamwita dokta bure tu, kwa kugawa vidonge vya zahanati," alisema mjomba Julius. "Dada, mwache akawe dokta wa kweli."

Mama Remi akatoa rozari, na wote wakaacha kutafuna.

Sala ya siku ya tisa ilikuwa ndefu kuliko za siku nane zilizotangulia. Bi Kuluthumu aliinamisha kichwa kwa adabu. Remigius aliitikia upesi upesi, macho yake kwenye saa ya ukutani, mpaka mama yake akarudia fumbo la nne zima kwa kuwa lilisaliwa mbio. Litania ikafuata, na hakuna mtakatifu aliyerukwa. Amina ya mwisho ilipotoka, zilibaki dakika nne.

"Mtakatifu Rita amejibu," alisema Mama Remi. "Ni Dodoma."

"Amejibu vipi?" mjomba Julius aliuliza. "Mimi sijasikia kitu."

"Amejibu kwa kijiko. Mtoto akiulizwa kwa mdomo hudanganya, lakini mkono wake unasema kweli." Akainua kiwiko. "Chukua simu yako."

Remigius aliichukua, akaurefusha mkono mpaka ukaisha, akakunja uso, akabonyeza namba moja moja. Simu ikalia mara moja.

"Wameandika nimethibitishwa," alisema.

Mama Remi akajifuta machozi kwa ncha ya khanga, kisha akaanza upya kumwusia, maana machozi hayakuwa yamemaliza maneno. Blanketi achukue lile zito. Nguo za watu asiazime. Jumapili asikose misa. Wasichana awasalimie kwa mbali.

"Na ukiumwa usijitibu," alisema. "Nenda kwa daktari."

"Ndiyo, mama."

Akapiga magoti, moja kwanza, kisha la pili taratibu, na mama yake akamwekea mkono kichwani, akambariki. Halafu Remigius akajishika mezani, akasimama, akafungua mlango.

Barazani, watoto sita waliokuwa wamekatazwa kuingia wakainuka kwa pamoja. Binti aliye mdogo kuliko wote akamshika kidole.

"Babu," akanong'ona, "mama yako amekuruhusu kwenda shule?"