Bahasha ya Rosa

Vestina aliposikia kwamba Rosa amepeleka bahasha ofisi ya mtaa, maharage yalikuwa yanaungua jikoni. Aliisikia harufu, hakuinuka.

Kumugezi si kijiji tena. Mji wa Kasulu umekimeza, shamba moja baada ya jingine, na sasa ofisi inataka majina ya barabara, kila ombi ndani ya bahasha. Ile inayopita kati ya nyumba yake na ya Rosa ilikuwa bado haina jina, na Vestina alitaka ipewe lake. Hakujaliwa mtoto. Aliogopa kwamba akifa atasahaulika kama kijiji chenyewe.

Na mbele yake, kama kawaida, Rosa! Walivuka mpaka pamoja pale Mabamba wakiwa wasichana wakimbizi, na tangu siku hiyo Rosa ndiye aliyepata kila kitu: mume mpole, watoto sita, uongozi wa kwaya. Hata migomba yake ilizaa mikungu mikubwa zaidi, jambo ambalo Vestina hakulisamehe.

Tena wiki iliyopita alikuja mlangoni akitabasamu.

"Dada, ile chemchemi iliyotuponya mwaka tulipofika, ni wewe uliyeigundua, eti?"

"Unauliza ya nini?"

"Nataka nikumbuke vizuri tu."

Kumbe alikuwa anakuja kumwibia chemchemi, aiandike kwenye ombi kama yake! Vestina alipita nyumba kwa nyumba siku nne, miguu ikamvimba. Kila mahali alisema yaleyale: Rosa anajipenda, Rosa anajikweza, bahasha yake ikataliwe. Wengine walimkubalia kwa sababu na wao walichoka na bahati ya Rosa. Wengine walitaka tu aondoke wakale.

Siku ya mkutano Rosa hakuwepo. Alikuwa Kibondo kwa binti yake aliyejifungua. Mwenyekiti Stanislaus aliinua bahasha, lakini kabla hajaifungua Vestina alikuwa ameshasimama.

"Isisomwe! Kwaya yeye, kikundi cha akina mama yeye, leo na barabara? Sisi wengine hatukuteseka? Apewe mtu yeyote, mwenyekiti, yeyote yule, kuliko huyo aliyeandikwa humo!"

Machozi yalimtoka mbele za watu, na wala hakuona haya.

"Taratibu, mama," alisema Stanislaus. "Tupige kura. Wanaokataa bahasha hii?"

Mikono ikanyooka uwanja mzima. Barabara akapewa Shamsi, mwenye duka la saruji, ambaye alihamia Kumugezi mwaka juzi na hakuwa hata ameomba. Vestina alipiga makofi kuliko wote. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa amemshinda Rosa.

"Basi niisome ili iingie kwenye muhtasari," alisema Stanislaus, akaichana bahasha.

"'Mimi, Rosa Niyomwungere, naomba barabara yetu iitwe Barabara ya Vestina.'"