Mistari Tisa ya Uzi Mwekundu

Mkoromo ulikatika. Fundi cherehani alikuwa amejilaza mchana huo kando ya meza yake ya kukatia, na pumzi zake zilifupika hadi kifua kikatulia kabisa.

Mkewe alichukua sindano yenye uzi mwekundu, akatia mshono mmoja kila sekunde kwenye kitambaa cheupe. Mume aliposhtuka na kuvuta hewa, akakata uzi; kila pumzi zilipokatika tena, akaanza mstari mpya.

Fundi alipoamka, alikuta mistari tisa.

“Nani kaharibu kitambaa changu, mama watoto?”

“Wewe mwenyewe. Kila mshono ni sekunde uliyolala bila pumzi.”

“Uchovu tu huo. Hata kukoroma sikoromi.”

Alipitisha ukucha juu ya mstari mrefu kuliko yote, akihesabu kimoyomoyo. Alipofika thelathini na mbili, alivua futi ya kupimia shingoni.

“Kliniki inafungwa saa ngapi?”