Hertz Thelathini na Tano

"Plasi au mainasi desibeli ngapi?" mzee aliuliza kwa mara ya tatu, na Thuranira akaacha kabisa kuificha dharau yake.

Alikuwa ameuza spika katika duka hili la Embu mjini kwa miaka minne. Walimu na makarani walisimama papa hapa, wakasoma "hertz 20 hadi 20,000" kwenye boksi, wakaridhika. Leo mkulima wa chai kutoka Kanja, matope bado viatuni, anakuja kumfundisha kazi.

"Mzee, hii inatoa kila kitu ambacho sikio la mtu linaweza kusikia," alisema, akiigonga spika yenye taa za rangi. "Unataka nini zaidi?"

"Haijaandikwa inafika huko chini na nguvu gani," mzee Njagi alijibu polepole. "Ni kama uniambie gunia la majani ya chai limefika kituoni, usiniambie limefika na kilo ngapi."

Alinyoosha kidole kwenye boksi jeusi pembeni, lisilo na urembo wowote: hertz 35 hadi 18,000, nguvu ya sauti isiyopungua wala kuzidi kwa zaidi ya desibeli tatu.

Thuranira akaguna. Thelathini na tano! Haishuki hata kufika ishirini. Mtu anakataa kubwa, anaokota dogo, halafu anajiona msomi.

Mzee akaeleza kwamba binti yake anaolewa Jumamosi. Kwao, baba hucheza na binti sebuleni kabla hajatoka bomani. Dada zake wawili walicheza. Huyu kitindamimba, Wambeti, hajawahi kucheza hata siku moja, na mzee hakutaka aondoke hivyo.

Thuranira akamtazama msichana huyo, aliyeingia na baba yake na sasa alikuwa amewapa mgongo akikagua rafu. Alikuwa amemsalimu mara mbili, naye hakujisumbua hata kugeuka. Kinachomzuia kucheza ni maringo, akajiambia.

Njagi akaomba spika ya boksi jeusi iwekwe chini, kwenye sakafu ya mbao, na sauti za juu zipunguzwe hadi mwisho. Kwake nyumbani pia sakafu ni ya mbao, alisema.

"Maneno ya wimbo yatapotea," Thuranira alimcheka waziwazi. "Mtabaki na mngurumo tu, kama mko ndani ya posho mili ya kusaga mahindi."

"Maneno yaache, kijana wangu. Weka."

Akaweka, kwa kumkomesha tu. Mbao zikatetemeka. Msichana akashtuka, akatazama chini, akavua viatu. Akafumba macho. Mguu mmoja ukaanza kupiga, kisha mabega yakafuata, sawasawa na ngoma, bila kukosea hata pigo moja.

"Kumbe unajua, siste," Thuranira alimwambia kwa kejeli. "Si ungemwambia mzee mapema?"

Msichana akaendelea kucheza. Njagi akamgusa bega, akangoja afumbue macho, kisha akamwuliza kwa ishara za vidole kama ngoma imemfikia.

Vidole vya Wambeti vikajibu: iongezwe.