Ndama wa Pili

Boma letu limeruhusiwa pumzi kumi na mbili, za watu na ng'ombe pamoja. Mita iliyotundikwa zizini huzihesabu. Zikizidi, taa nyekundu huwaka na jioni gari huja kuchukua mmoja, ambaye harudi. Mwenye boma ndiye huchagua.

Likizo hii tuliacha nafasi moja ya ndama wa Chelel, ng'ombe wetu mwenye mimba. Asubuhi Chelel akazaa mapacha, wote majike. Bibi alikuwa bado anawafuta kwa nyasi taa ilipowaka.

Nilisimama wima kama kiranja gwarideni. "Waheshimiwa, najitolea kuondoka. Mimi sijawahi kutoa hata kikombe kimoja cha maziwa."

"Jelagat, wacha upuzi!" Bibi alifoka.

Nilimsubiri Mama acheke, maana yeye hucheka daima. Alikuwa akimtazama ndama wa pili akijaribu kusimama.

"Majike wawili," Baba alisema polepole. "Bahati hiyo hairudi."

Saa tisa nilikuta sanduku langu la shule mlangoni, limefungwa kwa kufuli.

"Mama, shule si inafunguliwa baada ya wiki tatu?"

Mama akaninyooshea kola, akaniambia nisisahau sweta.